Kurasa Zenye Vibanio

Mtu anayetazama mifupa ya wenzake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, ungetarajia aogope nini tena duniani? Ndivyo walivyodhani wote waliomjua. Alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali ya serikali, kazi aliyoishika kwa miaka kumi na tisa, na mtaani walimwita Mifupa. Hakukasirika. Hata dada yake mwenyewe, akimtuma dukani, husema, "Mifupa, ukirudi upitie sabuni."

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango mzito wenye taa nyekundu juu yake. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kulalia wagonjwa, baridi kama sahani ya chuma, sanduku la taa la kusomea picha ukutani, na msumari mnene ulioning'iniza aproni ya madini ya risasi, ile inayozuia mionzi, nzito kama mtoto aliyelala. Wagonjwa waliingia wamenuna wakatoka wanacheka, maana Mifupa alikuwa na maneno yake. "Vuta pumzi, mama. Shikilia. Shikilia kama umeficha siri. Haya pumua, siri imetoka." Picha ikishatundikwa kwenye taa, mzaha huisha. Hapo tumpe haki yake: alikuwa na macho. Angekuambia huyu alivunjika mkono akiwa mdogo, na huyu amebeba mizigo kichwani maisha yake yote, kabla mwenye mkono na mwenye shingo hawajafungua mdomo.

Sasa nikwambie kilichokuwa hakijulikani. Bwana huyu alipenda vitabu vya katuni za kutisha kuliko chakula, na aliviogopa kuliko deni. Usicheke. Wapo watu wanaotokwa machozi kwa pilipili na kesho wanaomba tena.

"Mifupa ya hospitali," alikuwa akimweleza dada yake, "ina jina, ina namba ya faili, na mwenyewe yuko nje kwenye benchi anasubiri. Hii ya kuchorwa haina mwenyewe. Inakutazama wewe."

Dada huyo alimzidi miaka sita. Alikuwa amerudi kuishi katika nyumba ya wazazi wao baada ya kufiwa na mume, na kila asubuhi alikwenda kufundisha chekechea, watoto thelathini na wanne wenye pua zinazotiririka. Ndiye aliyebuni mambo ya vibanio.

Ilianza na toleo la kwanza la *Kisima Kirefu*. Ni hadithi ya mji uliokaukiwa na maji ukabakiwa na kisima kimoja tu, na humo kisimani anaishi zimwi aitwaye Makucha. Ukiteka maji yake, iko siku atakuita kwa jina lako, nawe utashuka. Mifupa alifika ukurasa wa sita akafunga kitabu. Siku tatu nzima akawa hanawi uso mpaka dada yake asimame karibu na pipa la maji. Siku ya nne dada mtu akachoka.

"Lete hicho kitabu."

Akakisoma chote amesimama mlangoni, kama anayekagua daftari la mwanafunzi. Kisha akaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, akarudi na vibanio vinne, akabana kurasa mbaya mbili mbili, pa, pa, pa, pa.

"Soma zilizo wazi. Ukifika kwenye kibanio, niite. Nitakusimulia."

Na ndivyo wakaishi. Toleo la pili lilikuwa na vibanio vitatu, la tano lilikuwa na saba na Mifupa akaligusa kwa ncha za vidole. Akifika kwenye kibanio huita, "Dada, nimekwama!" na dada huja na chochote alichokuwa akikifanya, aghalabu bakuli la mchele wa kuchambua, akaketi, akatazama ukurasa kwa upande wake tu, akaanza.

"Haya. Makucha amemwita mkunga. Mkunga anashuka kwa kamba. Anaogopa?"

"Anaogopa," Mifupa hujibu.

"Anaogopa. Anafika chini, anakuta nini? Kumbe chini kuna nyumba! Kuna vyumba, vina milango. Makucha anamvutia kiti. Anamwambia, mama, pole na safari, huku chini tulikosa mkunga."

Mwalimu aliyefundisha chekechea miaka ishirini na mbili hawezi kumwacha mtu na hofu yake, msomaji wangu. Mikono inakataa. Kwake fisi huomba radhi na nyoka hurudisha yai alilochukua. Basi katika kurasa zilizobanwa mkunga alifungua zahanati, mchimba visima akapewa vijana wa kuwafundisha kazi, na mtoto wa muuza mkaa, yule wa toleo la saba, akaingizwa darasani. Mifupa akasoma kurasa zilizo wazi, zile za watu wa juu wanaolia na kumlaani Makucha usiku na mchana, naye moyo ukamuuma kwa namna yake. Akaona ni kisa cha zimwi mwema anayetukanwa kwa wema wake, na cha watu wanaowaombolezea ndugu walio wazima.

Haya yote yangebaki nyumbani kama si Jumamosi.

Kila Jumamosi saa kumi jioni, watu tisa walikutana chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, katikati ya maboksi ya karatasi na mashine kubwa inayonukia joto. Mwenye duka, waliyemwita Mama Fotokopi, ndiye aliyekuwa akiagiza katuni, nakala mbili mbili, na nakala hizo huzunguka mkono kwa mkono. Kwa kuwa wa tisa husubiri wiki nyingi, waliweka sheria moja wakaibandika mlangoni: KURASA HAZISIMULIWI. Unaruhusiwa kusema kitabu kimekufanya nini, wino umekaaje, hadithi inakimbia au inatambaa. Kilichotokea ukurasa wa kumi, funga mdomo, au wanunulie wote soda. Mfululizo ukiisha kabisa ndipo hufanywa siku ya kufungua: matoleo yote mezani, ukurasa kwa ukurasa, kila mtu aseme alichokiona.

Kwa sheria hiyo, Mifupa akawa bingwa.

"Mimi nasema toleo la saba ni ukatili mtupu," alisema siku moja fundi wa majokofu, Fundi Friji, mwanamume mwenye mabega kama hayo majokofu yenyewe, ambaye kwake katuni isiyomwaga damu ni kalenda. "Mchoraji kamimina wino mwekundu kama anaupata bure. Alama tisa."

"Mimi nimeona malezi," akasema Mifupa.

"Malezi!"

"Huruma isiyojulikana, Fundi. Wa juu wanalia, wa chini wametulia. Uchungu uko hapo."

"Wametulia kweli," akasema Bibi Posta, mstaafu wa dirisha la vifurushi, miaka sabini na moja, mpenda damu kuliko wote. "Wametulia sana."

Wakacheka, lakini Mama Fotokopi alikuwa tayari ameandika. Alipenda sana. Alisema wengine wanasoma ngozi ya hadithi na Mifupa anasoma kilicho chini ya ngozi. Akampa kiti cha mhakiki mkuu, kile cha pekee chumbani chenye mito ya kuegemea mikono, pamoja na haki ya kusoma wa kwanza na kutunza nakala zikimaliza mzunguko, ambazo dada huzibana tena zikirudi nyumbani. Hukumu zake zikawa zinabandikwa kwenye kioo cha duka na kwenye ukurasa wa mtandao wa klabu, na watu wasiomjua wakaanza kubishana kuhusu huruma ya Makucha.

Tangu toleo la kwanza miaka minne ikapita hivyo, matoleo kumi na mawili. La kumi na mbili, la mwisho, lilipofika, Mama Fotokopi alimpigia simu hospitalini akipiga kelele.

"Mifupa! Geuza kitabu ukifika! Wamekuandika!"

Nyuma ya jalada, chini ya picha ya mdomo wa kisima, wachapishaji walikuwa wameweka maneno mawili kwa herufi nyeupe: "Huruma isiyojulikana." Na chini yake: Mifupa, mhakiki.

Mwanamume alitembea mpaka nyumbani bila kuigusa ardhi. Siku ya kufungua ilipangwa Jumamosi ifuatayo, maana toleo hili la mwisho Mama Fotokopi aliagiza nakala ya kila mtu. Yeye ndiye angeongoza, matoleo yote mezani, na wageni kutoka klabu nyingine walishasema watakuja. Kilichobaki ni kibanio na dada.

Dada alimfungulia mlango, akamwonyesha koo lake kwa kidole, kisha akamwonyesha daftari dogo alilolivaa shingoni kwa uzi. Lilikuwa limeandikwa: SAUTI IMEKUFA. MAZOEZI YA MAHAFALI. DAKTARI KASEMA SIKU KUMI, HATA KUNONG'ONA MARUFUKU.

"Siku kumi! Na Jumamosi?"

Akafungua ukurasa wa pili, uliokwisha kuandikwa tayari: NAJUA.

Basi dada akafanya alichoweza. Alibana vibanio tisa, na kwa kila kibanio akaandika maelezo kwenye kipande cha karatasi. Lakini mwalimu bila sauti ni nusu mwalimu. Maelezo yalikuwa mafupi mno. *Uk. 4: Makucha anafanya usafi. Uk. 9: Wanakula pamoja. Uk. 20: Anaomba radhi.*

"Anaomba radhi kwa lipi, dada?"

Akafikiri. Akaandika: KWA UJUMLA.

Kesho yake, Jumapili mchana, Mifupa akaketi karibu na dirisha akaanza kurasa zilizo wazi. Ukurasa wa kumi na mbili haukuwa na kibanio, na wala haukuwa na mtu yeyote ndani yake. Ulikuwa mchoro mmoja tu, umejaa kurasa mbili zinazotazamana: ukuta wa kisima kwa ndani, mweupe na kijivu, uliosukwa vizuri kama ukili wa mkeka. Dada yake alikuwa ameupita kama mtu anayepita ukuta. Mifupa naye alikuwa anaupita.

Halafu mkono wake ukagoma kufunua.

Akakisogeza kitabu kwenye mwanga, akakiinua juu kama anavyofanya kazini. Jiwe la tatu kutoka juu halikuwa jiwe. Lilikuwa mtulinga, mfupa ule wa bega kuelekea shingoni, mtulinga wa kushoto, uliovunjika katikati ukaungana vibaya na kuacha nundu. Na mchimba visima, katika toleo la tatu, ukurasa ulio wazi kabisa, alianguka akavunjika bega la kushoto akafungwa kitambaa. Chini yake palikuwa na nyonga pana ya mwanamke mzima. Pembeni, vidogo vidogo kama kokoto, vifupa vya kifundo cha mkono, vichache, vimeachana. Mifupa ya mkubwa imejaa na kubanana. Hii ilikuwa ya mtoto, miaka sita, saba asizidi.

"Dada."

Dada akaja na bakuli lake.

"Hiki ni nini?"

MAWE, akaandika.

"Mawe hayavunjiki yakaunga, dada."

Akavaa miwani. Akatazama pale kilipokuwa kidole cha mdogo wake, kisha pa pili, kisha pa tatu. Akaliweka bakuli chini taratibu. Penseli ikatembea:

SIKUJUA. NINGEWEKA KIBANIO.



"Mkunga," akasema Mifupa. "Ile zahanati."

HAIPO.

"Wale vijana wa mchimba visima?"

Akatikisa kichwa.

"Na yule fundi wa nguo, toleo la tisa? Uliniambia walimpa cherehani tatu."

SIKU ILE NILIKUWA NIMECHOKA, akaandika. KWELI ALIMTAFUNA MIKONO KWANZA.

"Usiniambie!" Mifupa akaruka akaziba macho, ingawa ilikuwa ni maandishi tu.

Akazunguka chumba. Akasema yale ambayo mtu husema. Kwamba jina lake liko nyuma ya kitabu, maelfu ya nakala. Kwamba Jumamosi atafungua kurasa mbele ya Fundi Friji na kuzungumzia madirisha ya zahanati, na Fundi Friji atakufa kwa kicheko, na baada ya kufa atafufuka acheke tena. Kwamba muda wote huu amekaa kwenye kiti chenye mito kwa kitabu ambacho hajakisoma. Dada alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Ndipo akaandika kwa muda mrefu, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo kama wanafunzi wake.

*Toleo la kwanza nilianza kukusimulia kama lilivyo. Nikakuona umeshika mguu wa meza. Nikasema acha nimpe mkunga kiti. Nilipompa kiti, ningemwondoaje?*

Na chini yake: *Jumamosi sema unaumwa. Nitakuandikia barua kwa mwalimu mkuu.*

Akaifuta "mwalimu mkuu" akaandika "klabu". Mazoea yana taabu.

Mifupa akaitafakari hiyo barua, nisikufiche. Aliitafakari mpaka chakula kikapoa. Lakini kuna jambo moja alilokuwa nalo tangu siku ya kwanza ya kazi: hajawahi kumpelekea daktari picha ambayo yeye mwenyewe hajaitazama. Wenzake hufanya hivyo foleni ikiwa ndefu. Yeye hapana. Akaona kuwa hofu ya Makucha ni kubwa, ila ile ya kusimama Jumatatu baada ya Jumamosi na kujijua, hiyo haina kibanio.

Jumatatu akabeba matoleo yote kwenye mfuko, vibanio bado vimeng'ata. Saa ya chakula cha mchana akafunga mlango mzito, akawasha taa zote, hata ile ya sanduku la ukutani isiyo na picha. Akatazama huku na huku. Akashusha aproni ya risasi kutoka kwenye msumari, akaivaa, akafunga mikanda. Akakaa. Akatoa kibanio cha kwanza.

"Vuta pumzi," akajiambia. "Shikilia."

Muuguzi wa zamu aliingia kutafuta faili akamkuta amejivika risasi, mashine imezimwa, jasho linamtoka.

"Mifupa, unampiga nani picha?"

"Najipiga mwenyewe, dada. Nipe dakika tano."

Siku hiyo hakuvuka toleo la kwanza. Jumanne alimaliza matatu na akashindwa kula. Jumatano aligundua kwamba kurasa mbaya zilikuwa nzuri. Sina namna nyingine ya kusema. Mchoraji hakuwa akimwaga wino ovyo kama alivyosifu Fundi Friji. Kadiri Makucha alivyokaribia, ndivyo visanduku vya picha vilivyozidi kuwa vidogo, mpaka unajikuta unashikilia pumzi, kisha unafunua, na mbele yako kuna ukurasa mzima mmoja. Alhamisi alipiga ukelele mmoja, wakamgongea mlango. Ijumaa akafunga la kumi na mbili. Makucha haombi radhi, si kwa jambo fulani wala kwa ujumla.

Jumamosi dada yake alikataa kwenda naye. NINA AIBU, akaandika, akamnyoosha kola.

Chumba cha nyuma kilijaa. Maboksi yaligeuzwa viti, wageni wanne walisimama ukutani. Matoleo kumi na mawili yalipangwa mezani, na Mama Fotokopi alikuwa amebandika picha kubwa ya jalada la nyuma, yale maneno mawili yakionekana hata kwa aliye barabarani.

"Leo mlango uko wazi," akasema. "Mhakiki wetu mkuu atatuanzia. Mifupa, huruma hiyo tuonyeshe iko ukurasa gani."

Mifupa akasimama. Hakushika kiti.

"Haipo," akasema. "Huruma ile si ya kitabu. Ni ya dada yangu."

Akawaeleza yote. Pipa la maji, kamba ya nguo, vibanio, kiti cha mkunga. Hakupunguza. Alipofika kwenye "wanakula pamoja", mgeni mmoja alitoka nje kucheka akarudi.

"Ngoja," Fundi Friji akasema, uso umemvimba. "Ngoja kwanza. Ina maana miaka minne nimekuwa nikibishana na mwalimu wa chekechea?"

"Ndiyo."

"Na nilikuwa nashindwa?"

"Mara nyingi," akasema Bibi Posta.

"Ndiyo maana kurasa zina alama za meno! Mimi nikadhani kuna mtu anaula mkono huku anasoma!" akamaka Fundi Friji.

Mama Fotokopi yeye hakucheka. Alitazama maneno yaliyobandikwa ukutani, kisha akamtazama Mifupa, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeazimisha kitu kikarudi kimevunjika: "Sasa umekisoma?"

"Wiki hii. Chote. Nimevaa aproni ya hospitali."

"Haya. Hukumu."

"Nimeogopa," akasema Mifupa. "Hiyo ndiyo hukumu yangu. Nimeogopa mpaka nikajua nilikuwa naogopa nini. Nilidhani ni meno. Kumbe ni kwamba huyu mchoraji anakufanya umzoee mtu kwanza, kasoro zake, bega lake, ndipo anamchukua. Na hamchukui akamtupa. Fungueni ukurasa wa kumi na mbili."

"Ule wa mawe?" akauliza Fundi Friji. "Ule niliuruka. Hauna kitu."

"Ulete dirishani."

Wakausogeza kwenye mwanga, vichwa kumi na vitatu juu ya kitabu kimoja. Mifupa akaweka kidole. Huu ni mtulinga, tazameni nundu. Nani alivunjika bega la kushoto? Hapa ni shingo iliyobanana kwa kubeba ndoo. Nani alikuwa akibeba ndoo toleo la kwanza? Mtu mmoja akasema "Mama yangu we." Wengine walianza kutafuta wenyewe, wakinyang'anyana matoleo ya zamani, wakilinganisha. Miaka minne ya watu waliochukuliwa ilikuwa imejengwa pale ukutani, kila mmoja mahali pake, na hakuna aliyewaona. Alipofika kwenye vile vifupa vidogo Mifupa hakusema ni vya nani. Fundi Friji, aliyekuwa ameinama kuliko wote, ndiye aliyenyooka kwanza.

Walipiga kura jioni ile ile, kwa kuwa sheria ni sheria. Watano kwa watatu, kiti kikamtoka. Bibi Posta alieleza kura yake bila kuulizwa. "Macho anayo, hakuna mwenye macho kama yake hapa. Lakini kiti si cha macho. Ni cha aliyesoma." Kisha wakampa yeye hicho kiti, akakikalia kama aliyekisubiri tangu dirisha la vifurushi, na amri yake ya kwanza ikawa kwamba mfululizo ujao usipungue mauaji matatu kwa toleo. Mama Fotokopi alibandua karatasi ya ukutani. Aliikunja badala ya kuichana, na Mifupa akalipokea hilo kama lilivyo.

Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Alikaa juu ya boksi la karatasi, magoti yamemfikia kidevuni, akanywa soda akasikiliza watu wakibishana kuhusu ukuta.

Alipotoka, Fundi Friji akatoka naye. Walitembea hatua kumi. Fundi akakohoa.

"Yule mkunga. Kwa dada yako, kule chini alifanywa nini?"

"Alifungua zahanati."

"Upuuzi," akasema Fundi Friji. Wakatembea tena. "Kubwa?"

"Vitanda sita."

"Jokofu la dawa alikuwa nalo? Chanjo huwezi kuiweka hivi hivi."

"Sikumbuki. Nadhani lilikuwepo."

"Lazima liwepo." Akasimama kwenye kona ambapo njia zao zinaachana, akachezea funguo zake. "Na mtoto wa muuza mkaa?"

"Aliwekwa darasani. Alikuwa ameanza kusoma."

Fundi Friji akatazama upande wa barabara, kana kwamba kuna mtu anamwita huko. "Darasa hilo," akasema, "maana ni chini ya ardhi, unajua. Mwanga walikuwa wanaupata wapi?"

"Dada hakufika huko. Sauti yake inarudi Jumatano."

"Basi Alhamisi nitapita kwenu," akasema Fundi Friji. "Nitaangalia na friji yenu. Ila usimwambie Bibi Posta."